Msibani mwanaume hana mkeka

Kila tarehe 19 Novemba, Siku ya Wanaume Duniani, ujumbe huwa uleule: wanaume fungukeni, wanaume lieni, acheni kujikaza. Miaka hii ujumbe huo hausubiri tena Novemba. Umo kwenye vipindi vya asubuhi vya redio zetu za Mbeya na Iringa, umo kwenye mahubiri ya Jumapili, kwenye semina za makazini na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na hupamba moto kila inaposikika habari ya baba fulani aliyejitoa uhai miezi michache baada ya kuzika mke au mtoto. Maelezo hutolewa haraka: mila zimewafundisha wanaume kutolia, mfumo dume umewaziba midomo, kwa hiyo dawa ni kuwafundisha kusema. Nakubaliana na wanaosema hivyo kwamba wanaume wanaumia, na kwamba wengi wanakufa na mambo yao moyoni. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka duniani, na kiwango cha wanaume ni takriban mara mbili ya wanawake. Ninachokataa ni maelezo ya chanzo, kwa sababu chanzo kikikosewa, dawa nayo inakosewa.

Hoja yangu ni hii: mwanaume wa nyanda hizi za juu kusini hakosi machozi wala hakosi maneno, anakosa mahali pa kuwa mfiwa. Msiba wetu wa leo umempa mwanamke nafasi ya kuomboleza, ukampa mwanaume kazi ya kuusimamia msiba, na kazi ikiisha msiba nao umefungwa. Mahali hapo palikuwepo zamani. Tulipaondoa kidogo kidogo, tena mara nyingine kwa sababu nzuri kabisa, na hatukuweka kitu badala yake. Kumwambia leo afunguke, bila kumwonyesha afunguke wapi, mbele ya nani, na nini kitampata akishafunguka, ni kumwongezea mfiwa kazi moja zaidi juu ya zile alizokwisha kubebeshwa.

Angalia msiba wowote wa Uyole, Ilula au Makambako unavyopangwa. Ndani, makochi yametolewa sebuleni, pametandikwa mikeka na magodoro, na mama mfiwa amekaa chini ameegemea ukuta, khanga begani, wenzake wamemzunguka. Kila mwanamke anayeingia anaanzia kilio mlangoni, na mfiwa huanza naye upya. Shangazi anamshikilia, dada anamlazimisha vijiko viwili vya uji, mwingine anampasha maji ya kuoga. Hatakiwi kupika, hatakiwi kuhesabu chochote, na akipiga kelele usiku wa manane hakuna anayeshangaa. Nje, chini ya turubai, wapo wanaume, na kama ni Juni au Julai wamezunguka moto wa magogo ya mikaratusi, makoti yamefungwa hadi shingoni. Baba mfiwa yuko huko nje, ila hajakaa. Namkumbuka baba mmoja aliyefiwa na binti yake wa kidato cha pili. Asubuhi ya maziko alikuwa na daftari la rambirambi kwapani na simu mbili mkononi. Fundi wa jeneza anamuuliza vipini viwe vya rangi ya dhahabu au ya fedha, dereva wa Coaster anamuuliza habari ya mafuta, mwenyekiti wa kamati anataka kujua ng'ombe achinjwe sasa au baada ya ibada. Akajibu yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida. Wazee waliokuwa jirani nami wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Tangu alfajiri hadi jeneza linashushwa sikuona mtu aliyemshika mkono akamkalisha.

Kwa mgane mambo huwa mazito zaidi. Mke akishazikwa, ndani ya siku chache ukoo unakaa kikao. Ajenda zinajulikana: madeni ya hospitali, mali, nani alimwona marehemu mara ya mwisho, na watoto wakae wapi. Wadogo watapelekwa kwa bibi Tukuyu, yule wa kike atakwenda kwa shangazi Mafinga, na baba ataambiwa kwa nia njema kabisa kwamba yeye bado kijana, ataoa. Kwa hiyo mwanaume aliyepoteza mke anapoteza na sauti za watoto nyumbani mwezi huohuo, kisha anaachwa na nyumba yenye vyumba vitatu na sufuria ambazo hajui zilikuwa zinawekwa wapi. Hakuna katika kikao hicho anayemchukia. Wote wanaamini wanampunguzia mzigo, na hakuna aliyeuliza kama watoto wale ndio waliokuwa wakimfanya aamke asubuhi.

Je, hii ndiyo mila tunayolaumu? Ukisoma yaliyoandikwa kuhusu misiba ya Wanyakyusa kabla ya kizazi cha babu zetu kwisha, unakuta jambo jingine. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa katikati ya miaka ya 1930, walikuta kwamba wanawake waliomboleza kwa kulia, na wanaume waliomboleza kwa kucheza. Walishika mikuki, wakaruka na kukanyaga ardhi kwa kishindo, ngoma zikipigwa, uani hapohapo karibu na maiti na wanawake wanaolia, kwa saa nyingi. Mgeni angeweza kudhani ni vita au ni sherehe. Wenyewe walimweleza Wilson kwamba kucheza kule ndiko kuomboleza kwao, kwamba ndani yao palikuwa na vita, uchungu na hofu vimewapanda. Mtu anayeruka namna ile mbele ya kijiji kizima, jasho linamtoka, mkuki mkononi, hajafundishwa kuficha msiba wake. Amepewa namna ya kuuonyesha, na amepewa watu wa kuuonyesha pamoja naye.

Watu hao walikuwa nani ni jambo muhimu pia. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walianza kuondoka kwenye makazi ya baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe kwa wenyewe, rika moja, na rika hilo liliendelea kuishi pamoja hadi uzeeni. Majirani wa mtu walikuwa marafiki zake wa tangu utotoni. Akifiwa, waliokuja kucheza ni watu waliochunga naye ng'ombe. Hakuhitaji kumweleza mtu kilichompata. Sisemi turudi kwenye vijiji vya rika. Mpangilio ule ulikuwa na ukali wake, hasa kwa wanawake, na dunia imeshageuka. Nasema tu kwamba anayedai mila za kusini ziliwafunga wanaume midomo anahukumu mila kwa kuangalia vipande vilivyobaki baada ya kila kilichomsaidia mwanaume kuondolewa. Lililobaki ni katazo peke yake, "usilie", bila ile ngoma na bila lile rika.

Hata Uhehe, ambako sifa ya ukakamavu imekuwa kama kitambulisho, wanaume waliomboleza hadharani na kwa muda mrefu. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1898. Kurudishwa kwake kukaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado ikabidi kungoja hadi Juni 19, 1954, Gavana Edward Twining alipolirudisha Kalenga kwa mjukuu wa marehemu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Miaka 56 ukoo na kabila zima walikataa kuambiwa kwamba yaliyopita yamepita. Hakuna aliyewaambia wazee wale wa Kalenga kwamba wamekosa uanaume kwa kushindwa kumsahau marehemu wao.

Namna hizi ziliondokaje? Kwa njia nyingi, na si zote za kulaumiwa. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin mwaka huohuo, walileta namna mpya ya kuzika: ibada, nyimbo, neno la faraja, utulivu. Ngoma ya mikuki ikaonekana ya kipagani. Tumaini la ufufuo limewabeba watu wengi hapa, nami nalithamini kwa moyo wote. Lakini utulivu ule wa ibada, kwa mwanaume ambaye njia yake ya kuomboleza ilikuwa mwili mzima, ulimfunga kuliko ulivyomfunga mwanamke, ambaye kilio chake kiliruhusiwa kuendelea sebuleni. Kisha ikaja kazi ya mbali. Vijana wakaenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye mkonge wa Tanga, kwenye migodi ya Zambia na hata Afrika Kusini kwa njia ya Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodini. Mtu alipata habari za kifo cha mama yake kwa barua, kaburi limeshaota majani, naye kesho yake akashuka shimoni kama kawaida. Wanaume waliorudi walikuwa wamejifunza kufiwa wakiwa peke yao, na ndivyo walivyotulea sisi.

Halafu ikaja miaka ya UKIMWI, ambayo tunaizungumzia kama takwimu za afya na mara chache kama msiba wa wanaume. Mikoa hii iliumia kuliko mingine: utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta Njombe na Iringa bado ziko juu ya asilimia 11 ya watu wazima, wakati taifa zima lilikuwa karibu asilimia 5, na hapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeshatumika kwa zaidi ya miaka kumi. Fikiria mwanaume aliyekuwa na miaka arobaini kule Makete au Makambako kati ya 1990 na 2005. Alizika ndugu, shemeji, mke, pengine mtoto, mfululizo, na kila msiba ulikuwa na fununu inayomzuia kusema marehemu alikufa kwa nini. Wanaume hao leo ni wazee wa miaka sitini na sabini. Ndio wanaokaa viti vya mbele msibani na kuwaambia vijana wajikaze. Wanawapa vijana kile kimoja kilichowavusha wao, na sioni haki ya kuwaita wakatili kwa hilo.

Sasa tuko kwenye hatua ya mwisho ya mabadiliko haya, na ndiyo ambayo naona haieleweki vizuri. Misiba inafupishwa. Mitaa na vijiji vingi vimejiwekea utaratibu: zikeni, kuleni kidogo au msile kabisa, tawanyikeni. Sababu zina uzito. Watu walikuwa wakiuza mashamba kulisha waombolezaji, na msiba wa wiki nzima wakati wa kupanda mahindi ni njaa ya mwaka ujao. Naunga mkono kubana gharama. Ila tuone tunachokata. Mwanamke akirudi ndani baada ya matanga mafupi, majirani zake bado wanaingia jikoni kwake, wanachota maji pamoja, wanakutana kanisani na kwenye VICOBA. Mwanaume alikuwa na usiku mmoja tu wa kusaidika, ule wa kwenye moto, baada ya saa sita, wageni wa heshima wameshalala na daftari limeshafungwa, wanabaki watu watano au sita wanaomjua. Hapo ndipo mtu husema. Tunapofuta usiku ule kwa kuokoa mchele, tunafuta chumba pekee kilichobaki, halafu Novemba tunamuuliza kwa nini hasemi.

Wapo wanaopinga mjadala huu wote kwa hoja ambayo sitaki kuipita juu juu, maana ni nzito. Wanasema: nyumba ikifiwa lazima mtu mmoja abaki amesimama. Maiti haijisafirishi. Bili ya mochwari inaongezeka kila siku. Kuna ndugu wanaotaka shamba kabla udongo haujakauka, na mama mjane au watoto wasipokuwa na mwanaume mwenye akili timamu pembeni, watadhulumiwa mchana kweupe. Yote hayo ni kweli, na nimeona familia zikisambaratika kwa kukosa mtu wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, kufanya kazi ni namna halali ya kuomboleza. Kaka anayeshuka kaburini kusawazisha udongo kwa koleo lake mwenyewe anamlilia mdogo wake, hata kama macho yake ni makavu. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa masuala ya kufiwa, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anaukabili uchungu wenyewe, mara anageukia mambo ya maisha yanayotaka kuendelea, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kuishi na alichopoteza. Nikiwafuata, mwanaume wetu hakosei kushika daftari. Kosa ni kwamba hapati mahali pa kuliweka chini, na anayestahili kulipokea hayupo. Kwa hiyo hoja ya "lazima mtu asimame" inanipa swali moja tu la kuwarudishia wenyewe: kwa nini asimame yuleyule aliyefiwa, wakati ukoo una wanaume ishirini?

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa kuliko zote, ni ile ya damu. Nchi nzima inaujua utani kwamba Mhehe akiudhiwa anajiondoa duniani, na kila kifo cha namna hiyo kikitokea Iringa, watu hucheka kidogo na kulimaliza jambo hapo. Wengine humtaja hata Mkwawa kama ushahidi. Mkwawa alikuwa mtawala aliyewapiga Wajerumani Lugalo Agosti 17, 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894, akasakwa porini karibu miaka minne na jeshi lililotangaza donge kwa atakayeleta kichwa chake, na akakataa kukamatwa akiwa hai. Huwezi kuchukua uamuzi wa vita wa mtu mmoja na kuufanya tabia ya kuzaliwa ya mkulima wa Kilolo aliyefiwa na mke. Ubaya wa utani huu hauishii kwenye mantiki mbovu. Ukishasema ni kabila, huna haja tena ya kuuliza nani alimtembelea, nani aliona ameacha kwenda shambani, nani alimsikia akigawa mifugo yake. Na yule anayesikia utani huo akiwa tayari ameelemewa anasikia jamii yake ikimwambia kwamba hicho ndicho kinachotarajiwa kwake. Utani wa makabila ni hazina yetu, Wahehe na Wangoni wameponya uhasama wa vita vyao kwa huo; lakini huu mmoja ningependa tuuache kabisa.

Turudi kwa wanaosema "fungukeni", maana wao ndio ninaobishana nao kwa upendo. Wanadhani kuta ziko ndani ya mwanaume. Nyingine ziko nje, na moja imeandikwa kwenye sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mwanaume anayefikiria kumwambia mtu ukweli wote wa usiku wake anajua kwamba baadhi ya ukweli huo unaweza kumfikisha polisi kabla ya kumfikisha kwa daktari. Jirani zetu Kenya wameliona hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Ukuta mwingine uko kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa angalau siku nne zenye malipo anapofiwa na mwenza, mtoto, mzazi au ndugu. Anayefanya kazi Dar es Salaam na kufiwa Mbeya ana zaidi ya kilomita 800 za kwenda na nyingine 800 za kurudi. Toa siku mbili za basi, mlima Kitonga na foleni zake, zinabaki siku mbili, ambazo ndizo za jeneza na kaburi. Waajiri wengi hutoa siku nne na kuhesabu wametenda wema.

Ukuta mzito zaidi uko nyumbani, na hapa lazima tuseme kwa upole kwa sababu hauna mwovu. Wake wengi wanataka waume zao waseme. Lakini machozi ya baba katika nyumba inayotegemea mshahara mmoja au shamba moja la viazi husomwa kama habari ya hatari: kuna deni limefichwa, kuna ugonjwa, kazi imeisha. Mke anaogopa kabla hajahurumia, na mume anauona ule woga usoni mwake, anafuta macho na kusema ni moshi. Wapo pia wanaume waliosema mara moja, na maneno yao yakarudi siku ya ugomvi, au yakafika kwa mawifi kabla ya jua kuchwa. Wanawake nao wametendewa hivyo na waume zao, sana tu. Ninachotaka kusema ni kwamba kampeni inamtaka mwanaume ahamishie nyumbani kwake, kwa mke na watoto, mzigo ambao kihistoria ulibebwa na rika lake nje ya nyumba. Huenda ni jambo jema. Ni jipya, hata hivyo, na hakuna aliyewaandaa wanaopokea. Semina zote anaalikwa msemaji, hakuna hata moja ya msikilizaji.

Watoto ndio wanaolipa bei ya muda mrefu. Baba anarudi makaburini, anauliza habari za ada na sare, anawaambia wawe na nguvu. Mtoto wa miaka tisa haoni ujasiri hapo. Anaona mama, au bibi, analia kwa ajili ya marehemu, na baba halii, na anahitimisha kwamba baba hakumpenda. Nimesikia watu wazima, wenye familia zao, wakisema kwa uchungu ambao haujapoa: mzee hata chozi hakutoa mama alipofariki. Hawakujua kwamba mzee alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kukaa kwenye kibanda cha mbuzi. Hakuwaambia, na mjomba aliyejua naye akaona si vizuri kumwaibisha. Hivyo mwana anajifunza mambo mawili kwa mpigo, kwamba wanaume hawaombolezi na kwamba baba yake alikuwa na moyo wa jiwe, na yote mawili ni uongo.

Kuna mahali pamoja tu ambapo jamii yetu bado inamruhusu mwanaume kulia bila kumhukumu, napo ni kilabuni. Kwenye ulanzi wa Iringa na Njombe, kwenye komoni, kwenye kimpumu cha kule Rungwe, mwanaume anaweza kumtaja marehemu mkewe kwa jina, akalia hadi kamasi, na wenzake wakampigapiga mgongoni. Kesho yake wote watasema alikuwa amelewa, na heshima yake imebaki salama. Wahubiri wanaikemea pombe hiyo, nami najua ilivyomaliza watu. Lakini anayetaka kumtoa mgane kilabuni ajue anamtoa kwenye ibada ya kumbukumbu pekee aliyonayo, kwa hiyo aje na nyingine mkononi.

Ikiwa niliyosema yana ukweli, kazi iko kwetu tunaomzunguka mfiwa, na vyombo vya kuifanya tunavyo tayari. Umoja wa wanaume upo makanisani, UWAKA kwa Wakatoliki na vyama vya namna hiyo kwa Walutheri na Wamoravian, na mara nyingi kazi yake imekuwa michango na kwaya. Kamati za mazishi zipo kila mtaa. Zinaweza kuanza kwa kanuni nyepesi kwamba mfiwa wa karibu, mwanaume au mwanamke, haruhusiwi kushika daftari wala kuulizwa habari za vipini vya jeneza. Ateuliwe binamu au jirani. Kikao cha ukoo kinachogawa watoto wa mgane kinaweza kusubiri miezi mitatu, na ukoo ukatuma mtu wa kukaa naye badala ya kumwondolea watoto. Misiba ifupishwe mchana, kwenye masufuria na maturubai, na usiku wa moto uachwe.

Zaidi ya hayo nawaangalia watu wa vikundi vya kufa na kuzikana. Katiba zao ni makini kuliko za vyama vingi: zinataja jeneza, sanda, usafiri, kilo za mchele, na faini ya mwanachama asiyefika maziko. Kifungu kimoja kiongezwe humo. Wiki ya tatu baada ya maziko, na tena mwezi wa tatu, wanachama wawili wa rika la mfiwa waende kwake asubuhi na majembe, wapalilie naye mahindi au watengeneze naye zizi hadi saa sita, kwa sababu wanaume wengi huanza kusema mikono ikiwa na kazi. Wasiende na ushauri. Na faini ya kutokwenda iwe sawa na ile ya kutofika makaburini.